Propela ya Fundi Mwinshehe

Ukiliinua kwa jeki gari la fowili ambalo limetoka tu kukimbia kwenye lami huku magurudumu yote manne yakivuta, usilishike tairi. Liache. Likishaachana na ardhi litajizungusha lenyewe ghafla, kama mbwa aliyetoka majini anavyojikung'uta, na kama kidole chako kilikuwa karibu utakuja kunisimulia ukiwa umekifunga kitambaa. Nawaambieni hili kwanza kwa sababu ndilo jambo pekee nililonalo ambalo nina hakika litawafaa. Yatakayofuata yana uchungu mwingi kuliko faida.

Nyie vijana wa gereji za Manzese mna tabia ya kuniita Mzee Msomi. Uzee bado, nimestaafu mapema tu, na meno ni yangu yote. Usomi nao nilipewa kabla sijausomea. Nilipokuwa fundi mdogo mjini, enzi za Mwingereza, mchana nilikula mhogo wa kuchoma huku nikisoma kipande cha gazeti kilichofungia ule mhogo, na mtu mmoja akasema gereji nzima isikie, "Mwacheni Msomi amalize, habari zenyewe zina mafuta." Baadaye sana nilikwenda Chuo Kikuu kweli, mtu mzima mwenye mvi, nikakaa darasani na watoto waliozaliwa wakati mie nabadilisha klachi. Nilirudi na shahada na mikono laini. Aliyenipa jina alikuwa Fundi Mwinshehe wa Temeke, na habari hii ni yake.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Hakuwa mnyenyekevu. Alijisifu asubuhi, akajisifu na jioni, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi sifa zilikuwa za kweli. Alikuwa amekwenda vita vya Burma akiwa dereva na fundi wa majipu ya jeshi, akarudi na kovu shingoni na imani moja: Mungu aliumba farasi, binadamu akajibu kwa jipu.

Lazima muelewe mambo yalivyokuwa. Kabla ya vita, gari lilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na masika ikianza, kila kitu ng'ambo ya Mtoni kilisimama. Mihogo ilioza Mbagala huku Kariakoo watu wanaitafuta. Vita vilipokwisha yakaja majipu yaliyotumika jeshini, yakiuzwa kwa yeyote mwenye uwezo, nayo yalivuta mbele na nyuma. Hapo ndipo tulipoanza kusema "fowili". Miaka michache baadaye Waingereza wakaleta landrova, bodi ya alumini kwa sababu kwao chuma kilikuwa adimu baada ya vita, rangi ya kijani tupu, kama vile hawakuwahi kusikia kuna rangi nyingine.

Watu wakagawanyika. Siwatanii. Kwenye kahawa pale Temeke palikuwa na upande wa jipu na upande wa landrova, na mtu aliyetaka kunywa kwa amani alikaa katikati akatazama kikombe chake.

"Jipu ni askari," Mwinshehe alikuwa akianza. "Landrova ni karani. Nguo safi, kazi hamna."

"Karani analala na mkewe nyumbani," mwenye kahawa alimjibu. "Askari wako yuko wapi? Analala mferejini na tairi juu. Tumemwona jana."

"Aliyekuwa anaendesha nani? Shemeji yako! Hata kitanda akikiendesha kitapinduka."

Cheko la siku moja ndilo lililobadili maisha yake. Alikuja gerejini kwetu muuzaji mmoja kutoka Uingereza, mtu mchangamfu wa uso mwekundu, akawa anawasimulia mabwana zetu namna landrova ya kwanza kabisa ilivyoundwa: walichukua fremu ya jipu, wakajaribia humo mambo yao, usukani wakauweka katikati. Wakacheka sana. Mie nilikuwa chini ya gari jirani na Kiingereza changu cha gazeti la mhogo, nikasikia, nikamweleza Mwinshehe. Akaweka nyundo chini.

"Fremu ya jipu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Wakaongeza bodi yao?"

"Ee."

"Na hawakukamatwa?" Akafuta mikono polepole. "Basi na mie nina fremu ya jipu."

Kweli alikuwa nayo. Jipu la mfanyabiashara mmoja lilipasuka ekseli ya nyuma kwenye korongo, likatelekezwa, naye akalikokota hadi uani kwake Temeke, ambako mkewe, Bi Tausi, alianikia kanga juu yake. Alichotaka Mwinshehe kilikuwa wazi, na alikisema kwa kila mtu: gari la mizigo lenye paa, lenye kuvuta miguu yote, la kuleta mihogo na nazi za Mbagala mjini masika nzima wakati malori yamelala. Aondoke gerejini. Asiitwe tena "boi" na mtoto wa Kizungu ambaye hajaanza kunyoa. Ili hayo yawe, gari lilihitaji kitu kimoja ambacho hakiwezi kulehemiwa, nacho ni namba. Na namba ilitolewa na mkaguzi wa magari.

Fremu aliirefusha kwa chuma cha reli nyepesi. Injini aliifungua kwenye busati, na Bi Tausi akakatazwa kufagia. Kwa kuwa gari lilikuwa refu kuliko jipu, propela ya nyuma, lile bomba linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu, haikufika. Aliikata katikati, akaongeza kipande, akaizungushia pete ya chuma na kulehemu juu yake. Ile pete ilinenepa kama goti la ngamia. Nilimwambia ni mbaya.

"Mbaya kwa nani? Iko chini ya gari. Wewe unachumbia propela?"

Tatizo lilikuwa difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa matairi. Ya nyuma ilikuwa imevunjika, na ya kufanana na ile ya mbele ilikuwapo mahali pamoja tu, nyuma ya gereji yetu. Mabwana zetu walikuwa wakiuza magari mapya ya Kiingereza, na walikuwa na mtindo: mteja akija na jipu lake kuukuu walilipokea kama sehemu ya malipo, kisha wakaliacha nyuma ya banda liote majani. Hawakulitengeneza, hawakuliuza. Jipu moja likioza pale, landrova moja inauzwa mjini. Palikuwa na difu za kutosha kijiji kizima. Mwinshehe alipoomba kununua moja, meneja alimuuliza ya nini. Mwinshehe, kwa vile hakujua kusema kidogo, akamweleza kila kitu, mpaka rangi atakayopaka. Akakataliwa. Juma lile lile wakaiuza kwa kilo, pamoja na nyingine, kwa mnunuzi wa skrepa aliyekuwa akiyeyusha chuma.

Akafunga difu ya lori dogo. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu kosa hili bado mnalifanya. Difu mbili zinaweza kufanana kwa sura na zisifanane kwa hesabu. Ya lori inageuza matairi polepole kidogo kuliko ya jipu. Kwa hiyo propela zikizunguka sawa, miguu ya mbele inataka kwenda mbio kidogo kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga na matope haidhuru. Tairi linateleza kidogo, ugomvi unaisha. Kwenye lami tairi halitelezi. Ugomvi unajikusanya ndani ya propela kama kamba inayosokotwa, gia inang'ang'ania, na mwishowe gari linasimama kana kwamba umekanyaga breki. Dawa ni kurudi rivasi kamba ijisokotoe, au kuinua tairi moja kwa jeki, na hapo ndipo vidole hupotea.

Jipu lina wenzo wa kuipumzisha miguu ya mbele. Wa kwake ulikuwa umevunjikia ndani ya boksi, na spea yake ilikuwa kule kule kwenye majani. Akaiacha miguu ya mbele ivute daima.

"Temeke lami iko wapi?" aliniuliza. "Mbagala? Kariakoo penyewe mchanga. Lami wamejiwekea wao kule kwao Uzunguni, na mie Uzunguni sipeleki mihogo."

Na mjue, gari lile lilikwenda. Tulilijaribu masika, bila namba, kwenye njia za mashambani ambako askari hafiki. Mbao za masanduku, paa la bati, rangi ya bluu ya mlango wa msikiti kwa sababu ndiyo iliyobaki. Lilipita bonde la Kizinga likiwa na magunia ya mihogo, wanawake wanne, na mbuzi ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Maji yalifika kwenye ubao wa kukanyagia. Bi Tausi, aliyekaa mbele na mumewe, alishikilia mlango kwa mikono miwili na kusema neno moja tu njia nzima: "Mwinshehe. Mwinshehe. Mwinshehe." Ng'ambo aliposhuka akalizunguka gari, akalipiga kofi la mgongo kama punda aliyefanya vizuri. Kuanzia siku ile hakuanikia tena kanga juu yake.

Mkaguzi wa magari tulimwita Bwana Lami, kwa sababu magari yote aliyajaribu kwenye kipande kimoja cha barabara ya lami mbele ya ofisi yake. Alikuwa mtu mrefu, kaptula imenyooka, mwenye Kiswahili cha kuamrisha mpishi.

Siku mbili kabla ya kwenda nilimshauri Mwinshehe. "Fundi, tufungue propela ya mbele. Ni bolti nane. Gari litavuta nyuma tu, litapita kwenye lami kama maji. Tukirudi tunaifunga."

Alinitazama kama niliyemtukana mama yake. "Landrova zinakaguliwa zikiwa na miguu mingapi?"

"Minne. Lakini zina wenzo, wanaipumzisha ya mbele."

"Basi na langu litakwenda na minne. Nikipeleka gari la miguu miwili, nitaambiwa Mwafrika kaunda mkokoteni. Nataka aandike fowili. Aandike mwenyewe, kwa mkono wake."

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Namba angeipata. Alitaka namba na ukweli, vyote viwili, siku moja, kutoka kwa mtu yule.

Tukaenda. Mchanga wote mpaka karibu na mjini lilikuja likiimba. Lilipogusa lami nikaanza kulisikia likibana pumzi. Bwana Lami akaingia mwenyewe, akakaa kwenye sanduku lililokuwa kiti, akaliondoa. Alikwenda mpaka mwisho wa kipande, akageuza, tairi za mbele zikilia kama paka, na wakati wa kurudi gari likasimama katikati ya barabara. Akavuta gia. Haikutoka. Akaipiga teke.

"Rudisha nyuma kidogo, bwana," Mwinshehe alimwambia dirishani. "Limejifunga tu. Rudisha nyuma litafunguka. Hata landrova ukiiacha fowili kwenye lami inajifunga, bwana, iko kwenye kitabu chao."

"Wewe hapana fundisha mimi."

"Sifundishi. Naomba uirudishe nyuma."

Bwana Lami akashuka, akafuta mikono kwa leso. "Hii hapana gari. Hii ni sanduku. Wewe iba fremu ya jipu, weka mbao, sema gari."

"Sikuiba. Na nyie landrova mlianza kwa fremu ya nini?"

Mie nilitazama viatu vyangu. Sijui kama Bwana Lami alikuwa na habari hiyo, lakini uso ulimgeuka, na alichoamuru hakikuwa na uhusiano na usalama wa barabara. Propela zote mbili zifunguliwe hapo hapo, ziwekwe ofisini kwake, ili sanduku lisipate kutembea tena. Mwafrika wa ofisini akasogea na spana.

"Kaa mbali," Mwinshehe alimwambia kwa upole. "Propela yangu haiguswi na mtu." Akalala chini ya gari lake katikati ya lami, akafungua bolti mwenyewe, akazibeba propela begani moja moja mpaka ndani. Kisha tukalisukuma gari mpaka Temeke, sie na watu wa njiani. Waliokuwa upande wa landrova kwenye kahawa nao walisukuma. Hakuna aliyetania.

Masika yaliyofuata, Jumapili asubuhi, Bwana Lami alikwenda kuwinda kanga upande wa Mbagala na landrova ya serikali. Mto ulikuwa umepanda. Aliingia bonde la Kizinga pale pale ambapo sisi tulikuwa tukipita, akaenda kushoto badala ya kulia, na gari likazama mpaka kwenye taa. Halikuwa kosa la landrova. Hata jipu lingezama, hata tembo. Maji yalikuwa bado yakipanda. Watu wa pale, kwa kutojua au kwa kusudi, walimwambia kuna fundi mmoja tu Temeke mwenye gari la kulivuta.

Nilikuwa kwa Mwinshehe nikinywa uji alipoingia uani, matope mpaka kifuani, bunduki begani. Bi Tausi alimpa kigoda. Gari la bluu lilikuwa pale, kanga zimeanikwa juu yake tena.

"Fundi. Gari ya serikali nakwama. Maji iko kuja. Lete gari yako."

"Gari?" Mwinshehe alisema. "Aa, hili sanduku?"

"Lete. Mimi nasahau ile maneno."

Nilidhani atakataa kwa jeuri. Hakukataa. Alisimama, akavaa shati. "Niko tayari, bwana. Injini ni nzima, mafuta yamo. Propela ziko ofisini kwako. Nipe ufunguo, huyu Msomi ana baiskeli, atakwenda na kurudi kabla maji hayajafika kwenye kiti."

Bwana Lami akatia mkono mfukoni. Akautoa ufunguo, nikauona, wa shaba, una kamba nyekundu. Akautazama. Akanitazama mie, na baiskeli yangu, na miguu yangu mitupu. Vijana, nimeona watu wakipima mambo mengi, lakini sijaona kipimo kingine kilichokuwa wazi namna ile. Upande mmoja gari jipya la serikali linazama. Upande wa pili ufunguo wa ofisi kwenye kiganja cha Mwafrika.

Akaurudisha mfukoni.

"Tafuta watu," akasema. "Sukuma."

Tukaenda kusukuma. Hatukuwa na la kufanya, tulikuwa raia wa mfalme wa watu. Nusu ya Mtoni iliingia majini na kamba za minazi, nami nikiwemo, matope mdomoni, na Mwinshehe akipiga kelele za kuongoza: "Kulia! Kulia, nyie! Mnamsukuma mkaguzi huyo, si mkwe wenu!" Ilitoka alasiri. Mtu mmoja alivunjika mkono, mvuvi wa kambale, na mkono ule haukunyooka tena. Bwana Lami alitushukuru wote kwa pamoja, kwa kofia. Propela hazikurudi.

Mwinshehe hakuondoka gerejini mpaka macho yalipomwondoa. Gari likawa banda la kuku, na kuku wa Bi Tausi walikuwa kuku pekee Temeke waliolala kwenye fowili.

Uhuru ulikuja, na miaka mingi baadaye nami nikaja na shahada yangu, serikali ikanipa kazi ya ukaguzi wa magari. Ofisi ile ile. Ufunguo ule ule wa shaba. Kamba tu ndiyo ilibadilishwa. Siku ya kwanza getini, askari alivuta kamba, mti wa kizuizi ukapanda, na mwisho wake wa pili, ule wenye uzito wa kuusawazisha, ukashuka mbele ya kioo changu. Ulikuwa umefungiwa bomba la chuma lenye pete nene katikati, kama goti la ngamia.

Nikaomba lirudishwe kwa mwenyewe. Nikajibiwa kwa adabu kwamba kifaa kinatumika, ni mali ya serikali, na kukiondoa kunahitaji kibali cha ngazi nyingine. Nikaomba huko. Ngazi ile ikaniuliza ngazi yangu inasemaje.

Nilikwenda kumweleza. Alikuwa amekaa barazani, haoni vizuri, akanitambua kwa mwendo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msomi. Hao wamekupa gari?"

"Wamenipa." Nikamweleza habari ya propela. Akacheka mpaka akakohoa.

"Inafanya kazi, basi. Nilijua ile pete haitakatika. Anayevuta kamba nani?"

"Askari wetu."

"Na ufunguo wa ofisi anao nani?"

"Ninao mimi."

Kuku mmoja alitoka dirishani mwa gari la bluu, akaruka chini.

"Yule Bwana Lami," akasema, "angalau alikuwa hanijui."

Alikufa kabla ngazi hazijamaliza kuulizana. Mie nimestaafu, kizuizi bado kinapanda na kushuka, na kipande kile cha lami kimepakwa upya. Najua baadhi yenu mnaunda magari huko Manzese, nimeyaona, mengine mazuri. Ya kuvuta miguu yote pia. Siku ya kwenda kukaguliwa, zile bolti nane za propela ya mbele zifungueni. Propela yenyewe msiipakie garini, msiifiche chini ya kiti, msimpe mtu wa ofisini awashikie. Iacheni nyumbani, chini ya kitanda, na mwenye nyumba alalie juu yake.